Waliotupwa Ndio Waliofariji Mji: Muziki wa Baroki katika Nyumba ya Pietà



Kuna muziki ambao watu wa nchi nyingi huuendea kama msafiri aendeavyo kivuli. Jioni, baada ya kazi, huingia kanisani au ukumbini na kuketi. Mbele yao wapigaji kumi na wawili, au ishirini, hukaza nyuzi za violini na selo, na mmoja huketi kwenye klavesini, kinanda cha zamani chenye sauti nyembamba. Hakuna vipaza sauti, wala hakuna anayecheza. Kwa muda wa saa moja au zaidi wasikilizaji hunyamaza, na wengi wao hutoka wakisema kwamba moyo umetulia. Kundi la namna hiyo huitwa orkestra ya chumba, kwa sababu ni dogo na laweza kuenea katika chumba kimoja kikubwa. Muziki linaoupenda mara nyingi ni ule wa Baroki, yaani muziki uliotungwa Ulaya kati ya mwaka 1600 na 1750 hivi.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba kitu kizuri huheshimiwa zaidi na yule anayejua kilikotoka. Kwa hiyo leo tunawaalika muulize pamoja nasi: utulivu huo ulitoka kwa nani? Ni nani waliokuwa wa kwanza kuushika muziki huo mikononi mwao na kuwapigia wengine wapate faraja? Katika mji mmoja wa Italia jibu la swali hilo ni la kushangaza. Walikuwa wasichana ambao wazazi wao waliwaacha siku chache baada ya kuzaliwa.

Tundu katika ukuta

Mji wenyewe ni Venezia, uliojengwa juu ya visiwa vidogo ndani ya maji, hata barabara zake nyingi ni mifereji, na watu husafiri kwa mitumbwi. Katika karne ya 14 Venezia ilikuwa tajiri sana kwa biashara ya bahari. Utajiri huo haukuwafikia wote. Watoto wachanga waliachwa barabarani na kwenye milango ya makanisa, wengine kwa sababu ya umaskini wa wazazi, wengine kwa sababu mama aliogopa aibu. Mtawa mmoja wa shirika la Mtakatifu Fransisko, Petro wa Assisi, alizunguka mjini akiomba sadaka kwa ajili yao. Kutokana na kazi yake ikazaliwa, katikati ya karne hiyo, nyumba ya kuwalea watoto hao. Ikaitwa Pietà, neno la Kiitalia lenye maana ya huruma.

Katika ukuta wa nyumba hiyo palikuwa na tundu dogo, lililotosha tu mtoto mchanga. Mzazi aliweza kumlaza mtoto humo na kuondoka bila kuonekana uso. Watumishi wa ndani walimpokea, wakaandika katika daftari siku aliyofika, nguo alizovikwa, na kitu chochote kilichoachwa pamoja naye. Mara nyingi kitu hicho kilikuwa nusu: nusu ya medali, nusu ya picha ya mtakatifu, nusu ya karata. Mama alibaki na nusu ya pili, akitumaini kwamba siku moja atarudi, vipande viwili vitaunganishwa, naye atatambuliwa. Baadhi ya nusu hizo zimehifadhiwa Venezia hata leo. Nusu zilizobaki humo hukumbusha kwamba mama wengi hawakurudi.

Wazazi waliokuwa na uwezo nao walilitumia tundu hilo. Ndiyo maana kwenye ukuta wa kanisa la Pietà limebaki jiwe lililoandikwa mwaka 1548, linalotaja amri ya Papa Paulo III. Jiwe hilo latangaza laana na kutengwa na Kanisa kwa kila mzazi mwenye mali anayemwacha mtoto wake pale, na kwamba hawezi kuondolewa dhambi hiyo mpaka alipe gharama zote za malezi. Tunataja jambo hili ili msidhani kwamba Kanisa la wakati ule liliona kumtupa mtoto kuwa jambo la kawaida. Lilifungua mlango wa kumpokea mtoto, na papo hapo likamkemea mzazi aliyemwacha kwa uchoyo.

Wavulana wa Pietà walipokua walipelekwa kujifunza ufundi, kisha wakaondoka. Wasichana wengi walibaki. Wengi wao walifanya kazi za mikono: kushona, kusuka nyuzi, kufua, kuwahudumia wagonjwa wa nyumbani. Lakini waliokuwa na sikio jema na sauti nzuri walichaguliwa kuingia katika kundi lililoitwa «mabinti wa kwaya». Hao walifundishwa kusoma noti, kuimba na kupiga ala, kila siku, kwa miaka mingi, na wakubwa waliwafundisha wadogo. Venezia ilikuwa na nyumba nne za huruma zilizokuwa na kwaya kama hizo. Katika karne ya 18 Pietà ndiyo iliyosifiwa zaidi kwa wapigaji wake.

Padri mwenye nywele nyekundu

Mwezi wa Septemba mwaka 1703 wasimamizi wa Pietà walimwajiri mwalimu mpya wa violini. Alikuwa padri wa miaka ishirini na mitano, aliyepewa upadri mwezi wa Machi wa mwaka ule ule. Jina lake Antonio Vivaldi. Kwa sababu ya rangi ya nywele zake watu walimwita Padri Mwekundu.

Vivaldi alizaliwa Venezia tarehe 4 Machi 1678, na tangu utoto alikuwa na ugonjwa wa kifua uliombana pumzi. Muda mfupi baada ya upadrisho aliacha kusoma Misa. Katika barua ya mwaka 1737 alieleza kwamba ugonjwa huo ndio uliomzuia, hata mara tatu alilazimika kuondoka altareni kabla ya kumaliza. Alisema pia kwamba hawezi kwenda mbali kwa miguu, bali husafiri kwa mtumbwi au kwa gari la farasi. Watu wa wakati wake walibishana juu ya jambo hilo, na wengine hawakumsadiki. Sisi hatuko hapa kumhukumu. Tunaona tu kwamba mtu aliyekosa pumzi ndiye aliyewatungia mabinti wale nyimbo ndefu za violini, zinazokwenda polepole kama mtu anayevuta pumzi bila hofu.

Kazi yake Pietà haikuwa na uhakika. Wasimamizi walipiga kura kila mara kuamua kama mwalimu abaki au aondoke. Mwaka 1709 kura zilimkataa. Mwaka 1711 wakamwita tena. Mwaka 1716 alipandishwa kuwa mwalimu mkuu wa orkestra, na mwaka huo mabinti wakaimba kazi yake kubwa juu ya Yuditi, yule mjane wa Biblia aliyeokoa mji wake. Mwaka 1723 wasimamizi walipatana naye awape konserto mbili mpya kila mwezi, hata akiwa safarini. Konserto ni kipande cha muziki ambacho mpigaji mmoja, au wachache, huzungumza na orkestra yote. Vivaldi alitunga konserto zipatazo mia tano, na nyingi kati yake zilipigwa kwanza na mikono ya mabinti wa Pietà.

Jinsi muziki huo unavyotuliza

Wengine husema kwamba muziki wa namna hii hutuliza kwa kuwa ni wa taratibu. Hiyo si kweli, maana konserto nyingi za Vivaldi huanza kwa mbio. Basi utulivu unatoka wapi? Sisi tunaofundisha nyimbo katika parokia tunaweza kuwaeleza kwa mambo manne ambayo kila mwanakwaya atayatambua.

La kwanza ni besi. Chini ya sauti zote selo na klavesini hutembea bila kusimama, kwa hatua zinazolingana. Sauti za juu zaweza kuruka, kulia, kukimbia. Besi haiachi kutembea. Sikio linajua kwamba kuna aliyeshika njia, kama watoto wanavyocheza kwa furaha wakijua mama yuko jikoni.

La pili ni kiitikio. Katika konserto orkestra nzima huanza kwa wimbo mfupi, kisha mpigaji mmoja hutoka peke yake na kwenda mbali, halafu orkestra hurudia wimbo ule ule wa mwanzo. Hutoka tena, nao humrudisha tena. Ninyi mnaojua mwimbishaji na waitikiaji hamhitaji kufundishwa jambo hili. Yule aliyekwenda mbali anajua kwamba wenzake wanamngoja, na msikilizaji anajua hivyo pamoja naye.

La tatu ni mpangilio wa sehemu tatu: ya haraka, ya polepole, na ya haraka tena. Vivaldi si mtu wa kwanza kuutumia mpangilio huo, bali yeye ndiye aliyeuimarisha hata watungaji wengine wakaufuata. Sehemu ya katikati ndiyo moyo wa faraja. Wapigaji wengi hunyamaza au hupiga kwa sauti ndogo sana, na violini moja huimba juu yao. Haina haja ya kuonyesha ustadi, ila huimba tu.

La nne ndilo kubwa kuliko yote. Katika sehemu hizo za polepole mtungaji huweka sauti mbili zinazogombana. Moja hukawia mahali pake wakati nyingine imekwisha kusogea, na sikio huumia kidogo. Kisha ile iliyokawia hushuka hatua moja, na sauti zinapatana. Ugomvi mwingine huanza papo hapo, nao unapatanishwa. Sikilizeni sehemu ya pili ya ule wimbo wa Gloria wa Vivaldi unaojulikana sana, pale panapoombwa amani duniani. Amani inayoombwa pale hupita katika maumivu kila hatua, na haifiki kwa mara moja. Muziki ambao haugombani kamwe humlaza mtu usingizi. Muziki wa Baroki humfariji kwa kuwa haumfichi ukweli kwamba kuna maumivu. Humwonyesha yakitatuliwa, mara moja, mara mbili, mara kumi, mpaka naye anaanza kuamini.

Nyuma ya nondo

Jumapili na sikukuu, saa za Masifu ya Jioni, kanisa la Pietà lilijaa. Walikuja wenyeji, wafanyabiashara, mabalozi, na wana wa wafalme waliokuwa wakizuru Italia. Wapigaji hawakukaa mbele ya watu. Walikaa juu, katika roshani zilizofunikwa kwa nondo, hata msikilizaji aliona kivuli tu. Kwa kuwa ni kanisani, haikuruhusiwa kupiga makofi. Watu walionyesha furaha yao kwa kukohoa na kuburuta miguu sakafuni.

Mwaka 1739 hakimu mmoja wa Ufaransa, Charles de Brosses, alizuru Venezia na kuwaandikia rafiki zake habari za mabinti hao. Alieleza kwamba wanaimba vizuri ajabu, na kwamba wanapiga violini, filimbi, kinanda, obua, selo na fagoti, tena hakuna ala iliyo kubwa hata iwatishe. Aliwahesabu kama arobaini katika tamasha moja. Alipendezwa sana kumwona msichana aliyevaa nguo nyeupe, na ua la komamanga sikioni, akiongoza orkestra kwa kupima mapigo bila kukosea. Kumbukeni kwamba wakati ule, katika sehemu kubwa ya Ulaya, mwanamke hakuruhusiwa kuimba katika kwaya ya kanisa, sembuse kuongoza orkestra.

Miaka michache baadaye Mfaransa mwingine, Jean-Jacques Rousseau, aliyekuwa akifanya kazi kwa balozi wa nchi yake, alikwenda mara kwa mara katika nyumba nyingine ya huruma mjini humo, ile ya Mendicanti. Sauti alizozisikia nyuma ya nondo zilimfanya awaze kwamba waimbaji ni wazuri kama malaika, naye akalaumu nondo zinazomzuia kuwaona. Rafiki mmoja akampeleka ndani. Akakuta mmoja ana jicho moja, mwingine ameharibiwa uso na ndui, na karibu kila mmoja ana kasoro yake. Alishtuka. Lakini alikula nao, akazungumza nao, na jioni ile akatoka akiwa amewapenda. Alikiri katika kitabu cha maisha yake kwamba aliendelea kuzisikiliza nyimbo zao kwa furaha ile ile, na sauti zao zikawafanya nyuso zao kuwa nzuri mbele yake.

Mabinti hao hawakuwa na jina la ukoo, kwa kuwa ukoo wao haukujulikana. Waliitwa kwa jina la ubatizo na kwa ala yao au sauti yao. Ndivyo tunavyomjua Anna Maria wa Violini, aliyefika Pietà akiwa mtoto mchanga karibu na mwaka 1696. Vivaldi alimtungia konserto nyingi. Pamoja na violini alijua selo, mandolini na klavesini, na sifa yake ilivuka mipaka ya Italia. Alikua humo, akawa mwalimu wa wadogo, akazeeka, akafa mwaka 1782, akiwa na umri wa zaidi ya miaka themanini. Mtoto aliyefika bila jina la baba alipata jina la kazi aliyoijua vizuri kuliko wote.

Tusiifanye hadithi kuwa tamu kupita kiasi

Wapenzi vijana, historia ya kweli haipendi sukari nyingi. Kama katika nyumba zote za namna hiyo Ulaya, watoto wengi walioingia katika tundu lile walikufa wakiwa wadogo. Waliofika katika kwaya walikuwa wachache; wenzao wengi walifua na kushona, na hakuna mgeni aliyeandika majina yao. Wasimamizi wa Pietà waliupenda muziki, lakini walipenda pia fedha ulizoleta: sadaka, urithi wa matajiri, na kodi ya viti vya kanisani. Binti aliyetaka kuolewa alipaswa kuahidi kwa maandishi kwamba hatapiga wala kuimba tena mbele ya watu. Kipaji alichofundishwa kwa miaka ishirini kilifungwa siku ya harusi.

Kwa hiyo tukisikia leo konserto iliyopigwa kwa mara ya kwanza nyuma ya nondo zile, tusiseme tu kwamba muziki ni mtamu. Mgeni aliyeketi juu ya kiti cha kukodi alipata faraja, akarudi kwake. Aliyemfariji alibaki ndani. Faraja aliyoitoa ilikuwa ya kweli, na dhuluma iliyomzunguka ilikuwa ya kweli pia. Mkristu anapaswa kuyashika yote mawili bila kutumia moja kufunika jingine.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo Pietà ililifanya na ambalo sisi walezi hatuwezi kulipuuza. Nyumba nyingi za huruma huishia kwenye uji na blanketi. Pietà iliwapa mabinti wake uji na blanketi, kisha ikawapa walimu bora wa mji, ala nzuri, na saa nyingi za kujifunza. Iliamini kwamba mtoto aliyetupwa anastahili kilicho bora, si mabaki. Haikungoja kwanza ijue ukoo wake. Huruma ya namna hiyo ni ghali na inahitaji uvumilivu wa miaka, lakini ndiyo iliyomgeuza mwenye kuhurumiwa kuwa mwenye kuwafariji wengine.

Kimya cha miaka mingi, na baba wawili

Vivaldi hakuona mwisho mwema. Mitindo ilibadilika, akaenda Vienna kutafuta riziki, akafa huko tarehe 28 Julai 1741, maskini, akazikwa katika makaburi ya hospitali. Kanisa jipya la Pietà, linaloonekana leo kando ya maji na ambamo wageni bado husikiliza muziki wake, lilianza kujengwa baada ya kifo chake. Yeye hakuingia humo kamwe. Mwaka 1797 majeshi ya Napoleon yaliangusha dola ya Venezia, na kwaya za nyumba za huruma zikafifia. Kwa zaidi ya miaka mia moja sehemu kubwa ya kazi za Padri Mwekundu haikusikika mahali popote.

Katika mwaka 1926 Wasalesiani wa Don Bosco walikuwa na chuo katika kijiji cha Borgo San Martino, kaskazini mwa Italia. Ni shirika lile lile lililofika Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, mwaka 1911, na ambalo vijana wengi wa Katanga wanalijua kwa shule zake. Chuo kilihitaji fedha, na mapadri wakafikiri kuuza mabuku ya zamani ya muziki waliyokuwa nayo. Kabla ya kuuza waliomba ushauri katika Maktaba ya Taifa ya Torino. Mwalimu wa chuo kikuu, Alberto Gentili, akayafungua, akaona maandishi ya mkono wa Vivaldi mwenyewe.

Maktaba haikuwa na fedha za kuyanunua. Gentili akamwendea mtu mmoja wa benki, Roberto Foà, aliyekuwa amefiwa na mtoto wake mchanga, Mauro. Foà akayanunua na kuyatoa zawadi kwa maktaba kwa jina la mtoto huyo. Baadaye ikaonekana kwamba ni nusu tu ya hazina. Nusu ya pili ilikuwa Genova, kwa watu wa ukoo wa zamani. Mwaka 1930 ikanunuliwa na mwenye kiwanda, Filippo Giordano, ambaye naye alikuwa amefiwa na mtoto, Renzo. Hivyo nusu mbili zikaunganishwa tena. Mpaka leo mabuku hayo hutajwa kwa majina ya watoto hao wawili, Mauro Foà na Renzo Giordano.

Wazieni jambo hilo. Muziki uliotungiwa watoto waliopoteza wazazi uliokolewa na wazazi waliopoteza watoto. Na nusu ambazo mama wa Venezia walizingoja ziungane bila kufanikiwa, hapa ziliungana.

Mnamo Septemba 1939, katika mji wa Siena, ile Gloria iliimbwa tena baada ya kimya kirefu. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeanza Ulaya siku chache tu kabla. Gentili alikuwa Myahudi. Sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zilikuwa zimekwisha kumwondoa kazini, wala hakuweza kuendelea na muziki alioufichua. Sala ya amani ya mabinti wa Pietà ilirudi duniani katika saa ile ile ambayo dunia iliitupa amani.

Na sisi?

Muziki wa orkestra si mgeni katika nchi yetu. Tangu mwaka 1994 kuna Kinshasa Orkestra Simfonia ya Wakimbangu, iliyoanzishwa na Armand Diangienda. Mwanzoni wapigaji walikuwa wengi kuliko violini, wakapokezana zamu. Leo wanajulikana katika nchi nyingi. Hakuna atakayetuambia kwamba mikono ya Wakongo haifai kushika ala hizo.

Lakini hatuwaandikii ili kila parokia inunue violini. Tunawaandikia kwa sababu katika miji yetu kuna watoto wanaoitwa maibobo au shege, wanaolala sokoni na chini ya vibanda. Kuna walioachwa na vita, kuna waliofukuzwa nyumbani kwa kushtakiwa uchawi. Tunapowakumbuka, mara nyingi huwa ni siku ya Noeli, tukiwa na mkate na nguo zilizochakaa. Kisha tunarudi katika mazoezi ya kwaya, tunafunga mlango, na wao hubaki nje wakisikiliza dirishani. Nondo za Pietà ziliwazuia waimbaji wasionekane. Nondo zetu huwazuia wasiingie.

Inawezekana katika kundi lile la dirishani yuko aliye na sikio kuliko sisi sote. Hatutamjua mpaka mtu amwambie aingie, amwonyeshe ngoma au gita, na amvumilie mwaka mzima anapokosea. Inaweza kuwa kwamba faraja ambayo parokia yetu inaiomba kwa Mungu imekwisha kufika, nayo imeketi nje chini ya dirisha, haina viatu.

Maswali ya kutafakari katika kundi

1. Katika parokia yetu ni watoto gani wanaosikiliza kwaya wakiwa nje? Tunawajua kwa majina?

2. Pietà iliwapa watoto waliotupwa walimu bora na ala nzuri. Sisi huwapa maskini kilicho bora, au mabaki?

3. Ni wimbo gani uliowahi kukutuliza ulipokuwa katika taabu? Ni nani aliyeuimba, naye alikuwa na taabu gani?

4. Je, kundi letu laweza kumfundisha mtoto mmoja kitu kimoja, kwa mwaka mmoja, bila kumwacha njiani? Amueni ni nani, na ni nani atakayemfundisha.